Turbo kwenye gari letu: tutie ao tusitie?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Masisi-centre, na mfanyakazi wa shirika anayefuatilia mradi wa kusafirisha wagonjwa. Ameyaandika yeye mwenyewe. Tumemwachia namna yake ya kusema.)



Mkutano uliopita vijana wetu walileta wazo. Land Cruiser yetu itiwe turbo, na pompi ya mazutu ifunguliwe zaidi, ili ipande milima kama gari za mbio. Komite haikukubali, haikukataa. Ilisema: tumuite yule wa shirika, atueleze. Njo niko hapa. Pesa inayobishaniwa ni dola 1800 zilizo kwenye kasha la gari, mchango wenu wa miezi mingi pamoja na ule wa ndugu walio Ulaya. Zikipotea hazirudi upesi. Na gari lenyewe njo linamtoa mama mwenye uchungu Nyabiondo, afike hopitali mbele ya usiku. Tangu watu watoke kwenye kambi za Goma mwezi wa pili 2025 na kurudi mashambani, watu wameongezeka huku, lakini motokari hazikuongezeka. Likikufa hili, tunarudi kwenye tipoyi.

Nianze kwa kuwapa vijana haki yao. Ugonjwa wameuona vizuri. Gari linatoka Sake, kule chini karibu na ziwa, linaanza kupanda kuelekea Mushaki likiwa na mgonjwa, mlinzi wa mgonjwa, muuguzi na mizigo. Shofere anatia ya pili, anarudi ya kwanza. Fuso yenye magunia inakuja nyuma, inapiga honi, inapita. Watu wanasema motere imezeeka. Imezeeka, ndiyo. Lakini hata ingekuwa mpya ingechoka pale, juu hewa yenyewe ni kidogo.

Hapo wengi wanashangaa. Sisi tunafikiri motere inakula mazutu tu. Kumbe kilo 1 ya mazutu, ili iungue yote bila kubaki, inataka kilo 14 na nusu za hewa. Kule pwani hewa hiyo ni kama mita za ujazo 12, chumba kidogo kizima cha hewa kwa kilo moja ya mazutu! Sasa kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Ukihesabu ya pwani kuwa 100, Walikale-centre, iliyo kwenye mita 700 hivi, unabaki na 92. Goma, mita 1500, unabaki na 83. Kwenye vilima vyetu vya mita 2000 unabaki na 78. Silinda ni ile ile, inavuta kiasi kile kile, lakini ndani yake mna hewa pungufu karibu moja ya tano. Ni kama mtu wa Walikale akija kulima huku juu: siku za kwanza anahema.

Turbo ni dawa ya kuhema huko. Ni magurudumu mawili madogo yenye mabawa, yamefungwa kwenye chuma kimoja. La kwanza linakaa kwenye njia ya moshi. Moshi ukitoka motere kwa nguvu na joto unalizungusha, kama maji ya mto yanavyozungusha kinu. La pili linakaa kwenye njia ya hewa. Likizunguka linavuta hewa ya nje, linaibana na kuisukuma ndani ya silinda. Nguvu ambayo ingepotea kwenye bomba inafanya kazi. Spidi yake inapita mizunguko 100,000 kwa dakika. Motere yetu yenyewe haifiki hata 5000.

Mtu wa kwanza kupata hati ya ubunifu wa kazi hii alikuwa Mswisi, Alfred Büchi, mwaka wa 1905. Lakini hadithi inayotuhusu sisi watu wa milimani ni ya 1918. Marekani walikuwa wanatengeneza ndege za vita, na ndege ikipanda juu motere ilikuwa inakosa hewa. Mhandisi Sanford Moss akabeba motere moja ya ndege, aina ya Liberty, akaipandisha kwenye mlima Pikes Peak, mita 4300, akaipima kule kule kileleni. Chini motere ile ilitoa nguvu za farasi 350. Kileleni bila turbo ikashuka hadi karibu 230. Alipofungua turbo ikarudi 350 na kupita kidogo. Angalieni alichokuwa anatafuta yule mzee: hakutaka motere itoe kuliko ilivyozaliwa. Alitaka irudishiwe kile mlima ulichoinyang'anya. Na hakuipima uani kwa garaji, aliipima mlimani. Haya mawili muyaweke kando, tutayarudia.

Bon. Sasa gari letu. Motere yetu ni 1HZ, ile ya Land Cruiser nyingi mnazoziona kwa mashirika na hopitali. Lita 4.2, silinda 6, bila turbo tangu kiwandani. Toyota waliianza mwaka wa 1990. Sifa yake ni uvumilivu. Inakubali mazutu ya bidon, inakubali shofere mbaya, inakubali miaka. Lakini ilitengenezwa kubana hewa yake kwa nguvu sana, zaidi ya mara 22, juu hakuna kitu cha kuisaidia. Na mazutu yake hayaingii moja kwa moja juu ya pistoni. Yanawaka kwanza ndani ya kachumba kadogo kwenye kulasi. Kale kachumba kanashika joto. Ukiongeza hewa na mazutu, joto linakusanyika pale na kwenye kichwa cha pistoni, na pistoni ni aluminiamu. Aluminiamu tupu inayeyuka kwa digrii 660. Moto ndani ya silinda unapita hapo mbali. Kinachookoa pistoni ni kwamba moto unawaka kidogo tu kisha hewa mpya inaingia, na joto linakimbilia kwenye ukuta wa silinda na mafuta ya motere. Ukizidisha moto, ile nafasi ya kupoa inapungua.

Toyota wenyewe walijua hivyo. Walipotaka turbo kwenye jamaa hiyo hiyo ya motere hawakufunga turbo juu ya 1HZ. Walitengeneza ndugu yake, 1HD. Ile 1HD-FT ya mwaka wa 1995 inabana mara 18 na nusu tu, na mazutu yanaingia moja kwa moja juu ya pistoni. Vijana, mtu akiwaambia "turbo ni kubulona tu," mumuulize kwa nini kiwanda kilibadilisha kulasi na pistoni.

Sisemi 1HZ haiwezi kutiwa turbo. Australia wanafanya hivyo miaka mingi, na gari zinaenda. Nasema iko na mpaka. Na ule mpaka mimi niliuvuka, nikaulipa.

Ilikuwa 2019. Nilikuwa kwa shirika lingine, nikisimamia mambo ya magari ya mradi mmoja wa Walikale. Tulikuwa na Land Cruiser kama hii. Nikachoka kusikia kwamba tunachelewa, nikasaini karatasi: turbo ya okazio, na pompi ifunguliwe. Garaji moja ya Goma ikafanya kazi siku tatu. Mekanisie akashika turnevisi, akazungusha visi ya mafuta, akasikiliza kwa sikio, akazungusha tena. Tukaijaribu kwenye lami pale mjini, watu wawili ndani, hakuna mzigo. Gari liliruka! Mimi mwenyewe nilicheka kwa furaha. Wacha niseme ukweli, nilijiona mjanja.

Kesho yake tulitoka na watu saba, katoni za dawa na makasha ya baridi ya chanjo. Kupita Sake tukaanza kupanda, na moshi mweusi ukaanza. Shofere akaniambia: "Patron, moshi." Nikamjibu: "Endelea, tumechelewa." Hakurudia, juu mimi njo nilikuwa mkubwa. Kufika karibu na juu akaniambia tena kwamba mguu umekanyaga mpaka chini na gari halina nguvu. Kisha tukasikia mlio kama nyundo ndani ya debe, na moshi mzito ukatoka kwenye mpira wa kupumulia mafuta. Pistoni moja ilipasuka kichwani. Barafu ya chanjo haingojei. Nikaita piki tano, tukafunga makasha nyuma, yakaendelea na safari. Gari lilikokotwa. Kutengeneza ile motere kulipita mara mbili bei ya turbo. Garaji ilisema kosa ni la shofere, mimi nikasema ni la garaji. Jina lililokuwa kwenye karatasi lilikuwa langu.

Nimekaa na jambo hilo, nimeuliza mafundi wengi, na leo naweza kuwaeleza kosa lilikuwa wapi. Tuliitengeneza Goma, tukaenda kuifanyisha kazi Masisi.

Fuateni hesabu hii, si ngumu. Nguvu ya hewa inapimwa kwa bari. Pwani ni karibu 1. Kwenye vilima vyetu ni kama 0.8. Goma 0.85. Walikale-centre 0.93. Turbo iko na kilango kidogo chenye springi: hewa ikifika kiasi ulichochagua, kilango kinafunguka, moshi unapita pembeni, turbo haizidishi. Tuseme tumechagua 0.4. Ile 0.4 inajumlishwa juu ya hewa ya fasi ulipo. Mlimani unapata 1.2. Goma 1.25. Walikale 1.33. Hewa inabadilika kila fasi. Lakini visi ya mafuta, mekanisie akishaiacha, inabaki pale pale. Kuna pompi zenye kifaa cha kupunguza mazutu kadiri unavyopanda, lakini nyingi za okazio huku kile kifaa kimekufa ao kimefungwa.

Kwa hiyo ukiipimia Goma mpaka iwe tamu, ukifika Mushaki hewa imepungua na mazutu ni yale yale, na mzigo uko juu. Hayaungui yote. Ule moshi mweusi njo mazutu yaliyokosa hewa, na motere ya mazutu ikikosa hewa chini ya mzigo joto linapanda haraka. Wengine wanadanganyika, wanafikiri moshi mweusi ni alama ya nguvu. Ukiipimia juu, kwenye mwinuko mbaya kabisa, ikiwa na mzigo wa kweli, mpaka moshi mweusi uishe, basi ukishuka Walikale iko na hewa ya ziada, inaungua safi, inapoa. Inapoteza kidogo cha nguvu ambacho ingeweza kutoa kule bondeni. Wacha ipoteze. Kule Walikale kinachotuzuia mara nyingi ni matope, si nguvu. Mnajua wenyewe, kuna wakati ndege zilikuwa zinatua kwenye barabara pale Kilambo kubeba madini, juu ni pale lami ilikuwa bado nzuri na njia nyingine zilikuwa zimekufa. Kwenye matope nguvu ya ghafla inachimba shimo tu.

Kuna mama mmoja aliniuliza hapo mlangoni: kama ni hivyo, hizi gari za mbio zinafanyaje? Swali zuri. Kenya kuna mashindano ya Safari Rally. Toyota Celica yenye turbo ilishinda 1984, 1985 na 1986. Ilivuta magurudumu ya nyuma tu, ikawaacha Audi na Peugeot waliokuwa wanavuta yote manne. Safari ya siku zile ilikuwa maelfu ya kilomita za vumbi, matope na mawe. Kule ulishinda kwa kufika. Wale watu wa motere za mbio wanapima kila kitu: joto la moshi, nguvu ya hewa, joto la mafuta. Wanaongeza kidogo, wanapima, wanaongeza tena. Hawafanyi kwa sikio. Hicho njo ningependa vijana wetu waige kwao.

Basi, ushauri wangu kwa komite. Msifunge turbo mwaka huu. Nimefungua gari wiki iliyopita na shofere, na niliyoyaona yanatosha kula sehemu kubwa ya zile dola 1800. Filtri ya hewa imejaa vumbi, na upande mmoja mpira wake hauzibi. Injekteri hazijapimwa tangu gari linunuliwe. Zikitonatona badala ya kunyunyiza, utapata moshi na joto hata bila turbo. Radiateri nusu imezibwa na matope makavu na majani. Na kifuniko cha radiateri, kitu cha bei ndogo, hakibani tena. Labda mtaniona napenda mambo madogo. Lakini huku juu, kwenye mita 2000, maji yasiyofunikwa yanachemka kwa digrii 93, si 100. Motere inafanya kazi kwenye 85 hadi 90. Ukiwa na kifuniko kibovu, kati ya salama na kuchemka unabaki na digrii chache tu, na mlima wa Sake unazimaliza.

Halafu silinda zote 6 zipimwe mbano. Kama moja imechoka, turbo haiponyi, inaua. Nasema hivyo kwa sababu watu wengi wanatia turbo ili kuficha motere iliyochoka.

Mwakani, silinda zikiwa sawasawa na kasha likiwa limejaa tena, njo tuongee turbo, na tuitie ya kurudisha, kama ile ya mlima wa 1918, isiyopita 0.4. Nunueni kwanza saa mbili za kuweka mbele ya shofere: moja ya nguvu ya hewa, nyingine ya joto la moshi. Mafundi wengi wanaweka mpaka wa moshi karibu digrii 700 kwa kupanda kwa muda mrefu. Saa ikifika pale, shofere anapunguza mguu na kutia gia ya chini, hata kama anayekaa kando yake ni patron, hata kama ni mimi. Hilo liandikwe kwenye kanuni za gari. Na pompi isiguswe Goma. Mekanisie apande nasi, alipwe siku ya safari, aipime juu ya Sake tukiwa na magunia nyuma. Akikataa kupanda, tutafute mwingine.

Turbo itataka pia adabu nyingine. Inaelea juu ya mafuta ya motere, kwa hiyo mafuta yabadilishwe mapema kuliko tulivyozoea. Shofere akifika hopitali asizime mara moja. Najua mgonjwa anashushwa, watu wanapiga kelele. Aache motere ipumue dakika moja ao mbili wakati wanamshusha. Ukizima turbo ikiwa ya moto, mafuta yanasimama ndani yake na kugeuka makaa. Na vumbi la kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane: chembe moja ikigonga bawa linalozunguka mara 100,000 kwa dakika, ni kama risasi. Ndiyo maana nimeanza na filtri.

Juu ya mazutu nitasema neno moja. Pompi yetu inalainishwa na mazutu yenyewe, haina mafuta mengine. Mazutu ya bidon yaliyochanganywa na petroli ya taa ao maji yanaikausha na kuikwaruza. Tunapokwenda Walikale tubebe yetu, yaliyochujwa. Ni uzito, najua.

Kwa ndugu na wafadhili mtakaosoma: wengine mmeandika kuuliza kama si bora kutafuta gari jipya lenye turbo ya kiwandani. Zipo. Tangu 2023 Toyota wanauza Japani na Australia ile seri 70 yenye motere ya lita 2.8 na turbo. Ni gari zuri. Lakini inaongozwa na kompyuta, na mazutu yake lazima yawe safi. Huku kwetu ikikwama Kashebere, fundi mwenye funguo na nyundo hataifungua. Mimi leo ningechagua 1HZ iliyotunzwa. Wengine kwa shirika letu wanaona vingine, na hatujamaliza kubishana.

Kuhusu zile dola 1800, mweka hazina yuko na karatasi yenye bei nilizopata kwa maduka matatu: injekteri, radiateri, kifuniko, filtri mbili, na kazi ya kupima mbano. Jumla haifiki 1100. Kinachobaki kikae kwenye kasha. Gari liko hapo nje, boneti iko wazi, na shofere atabaki mpaka saa nane. Wanaotaka kushika ile filtri kwa mkono wao waje, na vijana walioleta wazo la turbo waje wa kwanza, juu nataka wawili kati yao tupande nao siku ya kupima.